BAO BILA KETE

Leo tuzungumze habari ya boksi. Si boksi la sabuni wala la misumari, bali la mashine ya gemu, ile inayounganishwa na televisheni, watoto wakaicheza kwa pedi mikononi. Usigeuze ukurasa ukisema, "Hayo ni mambo ya mjini." Penye umeme na televisheni, ombi la gemu haliko mbali.

Chukua mfano wa nyumba moja ya Tunguu, hapa Unguja. Mjomba wa watoto yuko kazini Maskati, naye ameahidi kuleta mashine akija likizo. Anauliza neno moja tu: "Nilete boksi lenye nini ndani?" Basi hapo nyumba nzima inagawanyika. Kijana anataka lile lenye gemu ya mpira. Dada yake anasema, "Likija hilo, sisi tutakuwa watazamaji." Baba anataka la bei ndogo, mashine peke yake, gemu zitatafutwa baadaye. Bibi, aliyekuwa kimya, anauliza: "Mmoja akicheza, wengine watafanya nini?"

Mimi nasema bibi ndiye aliyegusa penyewe.

Fikiri bao letu. Lina mashimo 32 na kete 64. Fundi aweza kukuchongea ubao mzuri wa kupendeza, lakini usipokuwa na komwe za kutosha, una ubao tu, huna bao. Tena ukiwa nazo zote 64 na huna mwenzio, bado hujacheza. Mchezo kamili ni chombo, na vya kuchezea, na mtu wa kucheza naye. Boksi la gemu nalo lipimwe kwa kipimo hicho hicho.

Hata wenye kiwanda wamebishana neno hili. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilikuwa ikijiandaa kuuza Marekani mashine ndogo ya mkononi, jina lake Game Boy. Ilidhaniwa kwamba gemu ya Mario ndiyo itakayotiwa ndani. Ndipo mfanyabiashara mmoja, Henk Rogers, akamshauri Minoru Arakawa, mkuu wa Nintendo huko Marekani: ukitaka wanunue watoto wa kiume, tia Mario, ukitaka wanunue watu wote, tia Tetris. Tetris ni mchezo wa kupanga vipande vinavyoshuka, uliobuniwa Moscow na Alexey Pajitnov. Arakawa akakubali. Boksi likatoka na Tetris, na betri nne, na spika za masikioni, na waya wa kuunganisha mashine mbili ili watu wawili wapambane. Tazama jinsi walivyofikiri: hata betri hukuhitaji kwenda kuzitafuta.

Mwaka 2006 ubishi ukarudi kwa mashine iitwayo Wii. Reggie Fils-Aimé, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo Marekani, alitaka gemu ya Wii Sports itiwe boksini. Shigeru Miyamoto, fundi mkubwa wa gemu zao, hakupenda. Aliona kazi ya mikono ya watu ina thamani na haifai kutolewa bure. Mwishowe Japani iliuzwa mbali, na Marekani na Ulaya ikatiwa ndani. Katika gemu hiyo unapunga mkono kama anayepiga mpira wa tenisi, au kama bondia. Hata wazee ambao hawakupata kushika gemu waliinuka vitini.

Hata hivyo Miyamoto hakusema upuuzi. Cha bure ndani ya boksi hakipo. Bei yake imejificha tu. Nintendo Switch 2 ilipotoka Juni 2025, bei yake Marekani ilikuwa dola 449.99. Boksi lenye gemu ya Mario Kart World liliuzwa dola 499.99, na gemu hiyo peke yake dola 79.99. Piga hesabu mwenyewe. Kama nyumba yenu inaitaka gemu hiyo, mmeokoa dola 30. Kama hamuitaki, mmetupa dola 50. Kwa hiyo usiulize, "Wametia nini?" Uliza, "Je, sisi tutakitumia?"

Tena maboksi ya siku hizi mengine yamekonda. Switch ya kwanza, ya mwaka 2017, ilitoka bila gemu yoyote, ingawa pedi zake mbili ndogo zaweza kugawanywa kwa watu wawili. PlayStation 5, ya mwaka 2020, ina gemu ndani yake iitwayo Astro's Playroom. Ni nzuri kwa kujifunzia, lakini huchezwa na mtu mmoja, na pedi iliyomo boksini ni moja. Nyumba yenye watoto wanne itapata mchezaji mmoja na wagombanaji watatu.

Sasa turudi Tunguu, maana yapo mambo ambayo mwenye duka wa Maskati hatakuambia.

Kwanza, katika maboksi mengi "gemu iliyomo" si diski. Ni karatasi yenye namba, na kwa namba hiyo unaivuta gemu kwa intaneti. Gemu kubwa hula makumi ya gigabaiti. Bando lako la wiki litaisha, na gemu haijafika nusu. Tena gemu ya namba hufungwa kwa akaunti ya mtu mmoja. Diski huazimwa kwa jirani, hubadilishwa, huuzwa ikishachosha. Basi angalia pia kama mashine ina mlango wa diski, kwani zipo zisizokuwa nao, na hizo ndizo za bei ndogo.

Pili, umeme. Wetu ni volti 230. Japani ni 100 na Marekani 120. Mashine nyingi za sasa hupokea wa kote, lakini adapta ya mashine ya zamani iliyotoka nchi hizo yaweza kuungua siku ile ile ya furaha. Soma maandishi yaliyo juu yake kabla ya kuichomeka. Kwa bahati njema, umeme wa Maskati unalingana na wetu, na plagi yake ya miguu mitatu ni ile ile.

Tatu, mashine iliyotumika ifunguliwe dukani na kuhesabiwa: waya wa umeme, waya wa televisheni, pedi, waya wa kuchajia pedi. Kinachokosekana Tunguu chakutaka nauli ya daladala mpaka mjini.

Pengine kijana atanung'unika, "Na mpira wangu?" Hakukosea. Gemu ya mpira ni njema sana ikiwa na watu wawili. Ila ile maarufu, iliyoitwa FIFA na tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, hutolewa mpya kila mwaka. Diski ya mwaka jana haina wachezaji waliohama juzi, lakini goli ni goli, na bei yake hushuka. Tofauti ya fedha hiyo isaidie kununua pedi ya pili. Bila pedi ya pili, kijana atashindana na mashine, na dada yake atashindana na kijana.

Basi mzazi wa Tunguu, na wewe mzazi mwenzangu popote ulipo, mwandikieni mjomba hivi:

"Salamu sana. Lete mashine yenye mlango wa diski, hata kama imetumika, mradi umeijaribu. Lete pedi mbili. Lete diski moja ya mpira ya mwaka jana, na nyingine yoyote ambayo mtu asiyejua gemu ataielewa kwa dakika tano. Hiyo ya pili usiisahau. Ni ya bibi."