Nyumba ya Zamu, Bei ya Kishikaji

Shoga yangu na mumewe wanatuuzia robo ya nyumba yao ya Marangu. Familia nne, kila moja wiki 13 kwa mwaka, kwa zamu. Bei? Ya kishikaji, poa kabisa. "Shemeji, mkichelewa tunawapa wengine," mume wake akaniambia.

Mimi nikaanza na kalenda. Mpenzi msomaji, unaijua Desemba ya Wachagga: Dar nzima inahamia Moshi, basi halina siti, na kila mtu anataka kula Krismasi mlimani. Wiki hiyo ndiyo inayouzwa. Nani anagombania Aprili, masika yakishuka na njia za migombani zikiteleza kama sabuni? Kwa zamu ya haki, familia nne mnaipata Krismasi mara moja katika kila miaka minne. Mshahara wa mlinzi je? Kila mwezi, bwana!

Halafu umeme, kufyeka, bati linalovuja. Kama mfongo unapita shambani, siku ya kuuzibua mnaitwa, na asiyekwenda hutozwa. Jirani akifiwa, mchango. Hakuna aliyeandika haya kwenye ile bei poa.

Ila ishu kubwa ni ardhi yenyewe. Nyumba iko kwenye kihamba cha ukoo, na makaburi ya wazee yapo nyuma ya jiko. Kihamba si kiwanja cha Mbezi, kina kaka na baba wadogo. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie mauziano. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Nikamuuliza shoga: wewe umesaini wapi? Kimya. Na mmoja wenu akifariki, sisi robo yetu tutamdai nani, mkwe?

Akanuna wiki mbili. Kwa desturi ya kwao ningekwenda na jani la sale kuomba suluhu. Nilikwenda na keki, na maswali yaleyale.

Mimi na mume wangu tumewaambia robo hatununui, ila tukipanda Marangu tutalipa kwa usiku, mkwanja taslimu. Wamekubali. Desemba hii wametupa kuanzia tarehe 27.