Betri Katika Safari ya Ndege



Wengi katika nyumba zetu hujaaliwa safari ya Umra au Hija, na aghalabu kazi ya kufunga masanduku ya wazee huachiwa vijana. Kijana humnunulia mama yake betri ya akiba ya kuchajia simu, hiyo iitwayo pawabenki, naye kwa huruma huizungushia kanga na kuitia chini kabisa ya sanduku isije ikavunjika. Hapo sipo mahali pake.

Betri hizi ni za lithiamu. Ikiwa imebonyea, imevimba, au imeundwa vibaya, huweza kupiga shoti ndani kwa ndani. Hapo joto huzaa joto, hata ikatoa moshi na kuwaka. Dawa ya kuzimia moto iliyomo katika tumbo la ndege hupunguza ndimi za moto tu, haikomeshi joto lililomo ndani ya betri. Bali palipo na watu, moshi huonekana upesi, na maji huipoza. Ndiyo sababu imeamriwa ichukuliwe mkononi.

Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, kabla haijaruka. Watu wote 176 walitoka hai. Wachunguzi walisema yamkini chanzo ni pawabenki. Nao Emirates, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, humruhusu abiria pawabenki moja tu, ya chini ya wati-saa 100, wala haitumiki ndegeni.

Hesabu yake ni nyepesi: ile mAh iliyoandikwa zidisha kwa 3.7, kisha gawanya kwa 1,000. Yenye 20,000 ni wati-saa 74. Isiyo na maandishi, iacheni nyumbani.

Tena kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Ndege ikijaa, huenda mkoba wa mkononi ukachukuliwa mlangoni ukapakiwe chini, na mzee asiyejua lugha ya pale huutoa kwa adabu tu. Basi mfundisheni kabla hajaondoka: kwanza aitoe pawabenki. Simu ikitumbukia kitini, asikisogeze kiti, amwite mhudumu. Na betri ikipata joto mkononi, aseme papo hapo, asiifiche chini ya nguo kwa kuchelea kunyang'anywa. Wahudumu wale wamefundishwa namna ya kuizima.