Nyasi Bahari Hazipandwi kwa Kuchomekwa

Kuanzia Kigombe hadi Moa wapo watu wenye nia ya kurudisha nyasi bahari mahali zilipong'olewa na kokoro, nanga na baruti. Nia hiyo naiunga mkono kwa moyo wote: bila nyasi hizo tasi hana malisho, na kamba hana pa kukulia. Ila sambamba na nia hiyo kuna madai ambayo yakifuatwa yatatupotezea nyasi mara mbili, kwa kuwa zilizopandwa zitakufa na kule zilikochimbwa kutabaki mashimo. Karibu madai yote yanakosea mahali pamoja, nako ni kwenye mzizi.

La kwanza: "Mwani unakatwa kipande, unafungwa kwenye kamba, unakua. Nyasi nazo zitakua hivyo hivyo."

Hazitakua. Mwani hauna mizizi ya kweli. Mwili wake wote hunyonya chakula kutoka kwenye maji, ndiyo maana mkulima huvunja tawi lolote akalifunga kwa taitai na likaongezeka. Nyasi bahari ni ukoo mwingine kabisa. Ni mimea yenye maua, mbegu, mishipa na mizizi, ambayo mababu zake walikuwa nchi kavu kabla ya kurudi majini. Jani lake nalo hunyonya, lakini mmea hutegemea pia chakula kinachopanda kutoka kwenye tope kupitia mzizi. Kipande cha jani ukikifunga kwenye kamba kitaoza tu. Tena uchunguzi uliofanyika Ghuba ya Chwaka, Unguja, ulionyesha kwamba chini ya mashamba ya mwani nyasi bahari hupungua, kwa sababu ya kivuli na kukanyagwa.

La pili: "Shika shina, vuta. Likija na kimzizi, linatosha."

Hapa inafaa kutazama mmea wenyewe. Chukua Thalassodendron ciliatum, ile nyasi yenye shina gumu kama kijiti na majani yaliyokusanyika juu kama kipepeo cha mkono. Kijiti tunachokiona si mmea mzima. Chini ya mchanga kuna shina tambazi, gumu na lenye pingili, linalokwenda kwa ulalo, na vijiti vya wima huchomoza kutoka pingili ya nne, kisha ya nne tena, na kuendelea. Mizizi haishikani na kijiti. Imeshikana na shina tambazi. Na kinachosogeza mmea mbele ni ncha moja changa iliyo mwishoni mwa shina hilo. Ukivuta kijiti kwa mkono, kinakatikia kiungoni. Unabaki na majani mazuri ya kijani yasiyo na mzizi wala ncha, ambayo yanaweza kuonekana hai kwa wiki kadhaa kwa kula akiba yake, na mpandaji akaandika kwenye taarifa kwamba shamba limeshika.

Kuling'oa vizuri ni kazi ya vidole. Unafukua mchanga pembeni, unapitisha vidole chini ya shina tambazi, unalifuata mpaka uione ncha, ndipo unakata kwa kisu kikali nyuma yake, ukiacha pingili kadhaa zenye mizizi na vijiti viwili au vitatu. Ni kazi ya polepole. Anayehesabu mafanikio kwa idadi ya miche iliyopandwa kwa siku hataipenda.

La tatu: "Osha tope lote, mzigo uwe mwepesi, mizizi mipya itaota."

Dai hili lina nusu ya ukweli. Zipo njia zinazokubalika za kupanda miche isiyo na udongo, na nyasi ndogo zinazotambaa haraka, kama Halodule na Halophila, huweza kuvumilia. Mizizi mipya kweli huchipuka kwenye pingili. Kinachookoa miche hiyo, hata hivyo, ni shina tambazi kuwa zima na kutokauka hata kidogo. Mzizi uliotolewa kwenye tope na kuachwa juu ya mashua katika jua la saa saba hauna ngozi ya kuuzuia usikauke. Miche ikae ndani ya maji ya bahari, kivulini, na ipandwe siku hiyo hiyo. Kwa nyasi zinazokua polepole, kama Thalassia hemprichii, mimi niko upande wa kuchimba na bonge lake: bomba la plastiki linazamishwa mchangani, mdomo wa juu unazibwa, na mmea unatoka na udongo wake bila mizizi kuguswa. Ni mzito, ndiyo, na maji yakipwa wakati wa bamvua muda ni mfupi. Basi ipandwe michache.

La nne: "Chimbia kwa kina, mawimbi ya kusi yasiing'oe."

Hili ndilo linaloua zaidi, kwa sababu linaonekana ni akili ya kawaida. Jani la nyasi bahari hukua kuanzia chini, kwenye kitako chake, wala si kwenye ncha. Ndiyo maana ukipunguza ncha za majani ili mkondo usiyavute, mmea hauumii. Lakini ukifukia kitako, umefukia mahali pa kukulia. Halafu kuna tope lenyewe. Sentimita chache chini ya mchanga wa juu tope huwa jeusi na hunuka yai viza; harufu hiyo ni ya salfaidi, sumu kwa mzizi. Mmea mzima hujilinda kwa kushusha oksijeni kutoka kwenye majani kupitia mifereji ya hewa hadi kwenye mizizi, ambako huvuja kidogo na kuisukuma sumu pembeni. Mche uliotoka kukatwa mizizi hauna uwezo huo bado. Ulaze shina kwa kina kile kile ulichokikuta, kitako kikae juu ya mchanga.

Uimara utafutwe kwingine. Ng'ambo ya mpaka, watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, na wanakijiji wa Wasini wamekuwa wakipanda nyasi bahari, na magunia ya juti ni miongoni mwa vitu vilivyojaribiwa Kenya: yanashika mchanga mpaka mizizi ijitegemee, kisha yanaoza. Sisi Tanga tuna mkonge tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893. Kamba yake inafungia mche vizuri na haibaki baharini kama nailoni.

La tano: "Mizizi ikishika, kazi imekwisha." Haijaisha kama kokoro bado linapita. Mwaka 2016 mtafiti Marieke van Katwijk na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio 1,786 ya kurejesha nyasi bahari duniani. Wastani wa kunusurika ulikuwa asilimia 37 tu, na walisisitiza umuhimu wa kuondoa chanzo cha uharibifu kabla ya kupanda.

La mwisho ni kubwa kuliko mengine: "Bandari ikipanuliwa au bomba la mafuta likifika Chongoleani, tutazihamisha nyasi zote." Kwa kasi ipi? Kila bonge linalotolewa kwa uangalifu ni mkono mmoja, maji kupwa mamoja. Kiwanja cha nyasi kilichokomaa, pamoja na tope lililofungwa na mizizi kwa miaka mingi, hakihamishwi kwa kasi ya mashine. Mahali pa kuomba nyasi zikwepwe ni kwenye ramani, kabla ya kuchimba.

Penye uhitaji wa kupanda eneo kubwa, zipo mbegu. Huko Virginia, Marekani, tangu 1999 zimemwagwa zaidi ya milioni 70, na nyasi zimefunika zaidi ya hekta 3,600. Aina yao si yetu, lakini pwani yetu nayo ina zake: Enhalus hutoa tunda linaloelea, na mbegu za Thalassodendron huota zikiwa bado juu ya mama, kisha miche huelea na mingine hutupwa ufukweni. Kuiokota hiyo hakuchimbi shimo popote. Ishikizwe tu chini, kwa uzi wa mkonge, mpaka itoe mizizi yake.