Karamu ya Mizimu Isitoke Dukani

Baadhi ya shule zetu zinazofuata mitaala ya kigeni sasa huadhimisha Halloween, ile sherehe ya vinyago ya tarehe 31 Oktoba. Wapo wanaoilaani kwa ugeni wake. Mimi ugomvi wangu ni mwingine: mapambo yake hununuliwa.

Chimbuko lake ni Ireland na Scotland, ambako watu walichonga mizizi minene ya jamii ya figili, wakaitoboa macho na meno, wakatia mwanga ndani. Wahamiaji waliofika Marekani walikuta maboga, ambayo ni makubwa na rahisi zaidi kuchonga. (Aliyewahi kukwangua figili kwa kisu butu atawaelewa.) Leo, huko huko, maduka yamejaa mifupa ya plastiki, na mtoto hana kazi ila kungoja mzazi alipe.

Basi mwalimu akitaka karamu hiyo, awape wanafunzi katoni kuukuu, magazeti, masizi na gundi ya unga. Wachague kisa kimoja, tuseme pango la zimwi, na kila pambo litoke humo. Popo mwenye bawa moja refu kuliko jingine asirekebishwe na mwalimu. Mshumaa ubaki nyumbani, maana karatasi na moto havipatani, tochi yatosha.