Diski ikianza kugonga, hamisha kwanza

Vikundi vingi vya maziwa siku hizi vinaweka hesabu zote kwenye kompyuta moja ya ofisini. Sawa. Shida ni pale diski inapoanza kugonga tik-tik, faili linachukua dakika tano kufunguka, na watu bado wanasema "si inawaka?" Mimi nasema hapana. Gunia likitobolewa na panya, huanzi kulishona huku mahindi yanamwagika, unayahamisha. Basi usiifomati wala kuizimawasha ovyo, inaweza isiamke tena. Nakili leo, ukianza na madeni na malipo ya wanachama. Picha za semina zitasubiri. Nakala moja iende kwenye diski nzima, ya pili ikae kwa mweka hazina. Flashi peke yake haitoshi jamani, hufuliwa pamoja na suruali.