Kibofu Kisisahauliwe Baada ya Ajali

Barabara kuu iendayo Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na vibao vyake humtahadharisha msafiri juu ya wanyama. Aliyeumia uti wa mgongo katika barabara hiyo, au aliyeanguka kutoka mwembeni huko Kilosa, anakabiliwa na hatari nyingine isiyowekewa kibao: mkojo unaobaki kibofuni.

Kwa mtu asiye na jeraha, kibofu kinapojikamua, msuli unaofunga njia ya mkojo hulegea. Maelewano hayo hupitia uti wa mgongo. Uti ukijeruhiwa juu ya kiuno, mara nyingi kibofu husukuma huku msuli ukibana. Mkojo kidogo huvuja, mwingi husalia, na presha hupanda hadi kwenye figo. Mgonjwa huona nguo zimelowa akadhani kibofu ni kitupu. Jamaa zake, kwa nia njema, humpunguzia maji ya kunywa. Figo nazo huharibika kimyakimya. Hadi katikati ya karne ya 20, maradhi ya figo ndiyo yaliyowaua wengi walionusurika na jeraha lenyewe.

Kwa hiyo haifai majeruhi aondoke hospitalini Morogoro au Dar es Salaam na mpira wa kudumu, mfuko, na ahadi kwamba zahanati itaubadilisha. Mpira huo una mahali pake, hasa siku za mwanzo. Ukikaa miezi huleta maambukizi na mawe, na kwa mwanamume hujeruhi njia ya mkojo. Dawa ya kulegeza shingo ya kibofu, kama tamsulosini, husaidia baadhi tu. Kuchanja msuli kwa upasuaji hupunguza presha, lakini humwacha mtu akivuja.

Wengi wenye mikono yenye nguvu wangefaidika zaidi kwa kujitoa mkojo wenyewe, kila baada ya saa 4 hadi 6, kwa mpira mwembamba unaotolewa papo hapo. Mwaka 1972 Jack Lapides na wenzake wa Michigan walionyesha kwamba mikono iliyooshwa na mpira safi vyatosha; vifaa vilivyotakaswa kama vya chumba cha upasuaji si lazima. Ungedhani waliifikiria Kilosa.

Kikwazo ni mipira. Anayejitoa mkojo mara tano kwa siku hawezi kuifuata Dar es Salaam, kilomita 300 hivi kutoka Mikumi. Hospitali za Kilosa na Mikumi ziiagize kama ziagizavyo mabomba ya sindano, na kila moja iwe na muuguzi ajuaye kuwafundisha wanaume na wanawake, faraghani. Aliyepooza mikono awekewe mpira kupitia tumboni, juu ya kinena. Wote wapimwe figo kwa altrasaundi kila mwaka.

Naye mhudumu wa zamu ya usiku akumbuke jambo moja. Aliyeumia uti shingoni au sehemu ya juu ya kifua akiletwa anaumwa kichwa ghafla, jasho likimtoka usoni na presha ya damu ikiwa juu, huenda kibofu kimejaa. Amkalishe wima, amlegeze nguo, kisha atazame kama mpira umeziba au umejikunja, kabla ya kukimbilia dawa ya presha.