Ajenti wako si mjinga, ni wewe hujaandika

Wasee, leo sina utani. Kila wiki naona mtu analia: "Hizi AI za kuandika programu ni bure tu. Jana ilikuwa poa, leo imesahau kila kitu." Haijasahau, bana. Ukifungua kikao kipya, ajenti anaanza sufuri, kama kibarua mgeni ambaye hajui hata jembe liko wapi. Swali ni hili: maagizo yako uliyaacha wapi? Kwa kichwa chako?

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliungua. Kwetu ni Kuresoi, nchi ya viazi na majani chai. Nilitengeneza kaprogramu kadogo ka kumsaidia shangazi yangu ajue bei ya viazi kwa kilo kabla hajaanza kubishana na broka. Siku ya kwanza nilimwambia ajenti: gunia la viazi ni kilo 50. Akashika, kazi ikaenda sawa. Wiki iliyofuata nikafungua kikao kipya niongeze ukurasa mmoja tu, naye akaandika hesabu upya kwa kilo 90.

Alitoa wapi 90? Hapa Kenya gunia la mahindi ni kilo 90. Alikisia, na kusema ukweli hakukisia vibaya. Lakini gunia la viazi la shilingi 2,500 likasoma shilingi 28 kwa kilo badala ya 50. Shangazi akanipigia: "Wewe, hiki kitu chako kinafanyia nani kazi, mimi ama broka?"

Sikuwa na jibu. Wakulima wamelia na lumbesa miaka na miaka, mpaka kanuni za viazi za 2019 zikasema gunia lisizidi kilo 50. Hiyo namba iliandikwa kwa sababu maneno ya mdomo hayakuwa yanamlinda mkulima. Halafu mimi, na laptopu yangu, nikairudisha kuwa maneno ya mdomo.

Dawa yake ni rahisi mpaka inaudhi. Faili moja ya maandishi, AGENTS.md, inakaa kwa folda kuu ya mradi, na ajenti wengi huisoma kabla ya kugusa chochote. Claude Code yeye hutafuta CLAUDE.md. Unaandika lugha ya kawaida tu. Yangu haijai hata ukurasa:

- Gunia la viazi ni kilo 50. Usibadilishe bila kuniuliza.
- Namba ya simu ihifadhiwe ikianza na 254. Zinazoanza na 07 na 01 zote ni halali.
- Pesa ni shilingi nzima, hakuna senti.
- Saa ni za Nairobi.
- Usiseme umemaliza kabla ya kuendesha majaribio.

Kazi yenye hatua nyingi, kama kuunganisha malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, iweke kando kwa folda yake yenye faili ya SKILL.md. Juu unaandika jina na maelezo mafupi, chini hatua zenyewe. Ajenti huona maelezo kwanza, zile hatua anazisoma tu kazi ikifika. Hulipii maneno ambayo hayahitajiki leo.

Sasa nyinyi mnaonunua "prompti 500 za siri", na nyinyi mnaonakili faili ya mistari 600 ya msee wa California: mnajidanganya. Faili yake inajua dola. Haijui lumbesa. Na ikiwa ndefu hivyo, ajenti ataruka mistari, kama vile wewe huruka masharti ya mkopo wa simu. Mambo ya hapa unayajua wewe. Usipoyaandika, usitarajie mtu wa ng'ambo akuandikie.

Najua mtasema: "Lakini ajenti anaweza kupuuza hiyo faili." Kweli kabisa. Faili ni maagizo, si kufuli. Ndiyo maana niliongeza jaribio: 2,500 kwa gunia lazima itoe 50 kwa kilo, la sivyo kila kitu kinasimama. Na tafadhali, nywila na funguo za Daraja usiziweke humo. Hiyo faili inasafiri na mradi wako, ukiupandisha GitHub hadharani imeenda nayo.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tuna ajenti anayeandika usiku kucha bila kuchoka, na daftari hatuna. Kwa hivyo ukirudia agizo moja mara ya pili, simama hapo hapo. Liandike kwa faili. Dakika 10 tu.

Mimi sikufanya hivyo, na nusura shangazi auze viazi vya 50 kwa 28.